Nani Mwenye Amri? Uongozi wa Tukio na Usalama wa Mwokoaji Mkoani Mara

*Mhadhara kwa askari wa Zimamoto na Uokoaji, watendaji wa kata, wavuvi na wanafunzi, Musoma*



Nimekuja na swali moja. Gari la Zimamoto likifika Nyasho, hapa Musoma, usiku, nyumba inawaka, watu mia wanapiga kelele, polisi wapo, fundi wa umeme wa TANESCO yuko njiani na mwenyekiti wa mtaa amekwisha kuvua shati ili aingie ndani, nani mwenye amri? Namaanisha mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, ambaye neno lake likitoka wote hulifuata. Ninachoamini, na ndicho nitakachokitetea leo, ni kwamba swali hilo likijibiwa kabla ya siku ya tukio, watu huokolewa. Likiachwa mpaka moshi ufuke, ujasiri wetu wenyewe hutuongezea maiti.

Ujasiri tunao

Mtu asije akawaambia kwamba watu wa Mara ni waoga. Yowe likipigwa kijijini, jirani hutoka na panga, jembe au ndoo, na wala haulizi kwanza kuna nini. Tarehe 5 Septemba 2014, mabasi mawili ya abiria yalipogongana eneo la Sabasaba, wilayani Butiama, ajali iliyoua zaidi ya watu 35, mikono ya kwanza kuwagusa majeruhi ilikuwa ya wapita njia na wakazi. Julai 2023, mitumbwi miwili ilizama upande wa Bunda ikiwa na waumini waliotoka ibadani, zaidi ya 10 wakafa. Kwenye maji kama yale mwokoaji wa kwanza ni yule mwenye mtumbwi ulio karibu, awe na mafunzo au asiwe nayo.

Jiografia ndiyo inayoamua hivyo. Kutoka Musoma hadi Bunda ni takriban kilomita 70 za lami. Vijiji vya mwambao vya Bunda na Musoma Vijijini viko mbali na barabara hiyo, na machimbo ya Buhemba yako upande mwingine kabisa. Hata ukipiga 114 mara moja, na hata gari likiondoka dakika hiyohiyo, zile dakika za mwanzo ni za mtu aliyepo. Ndiyo maana nasema kamanda wa kwanza wa tukio mkoani Mara mara nyingi atakuwa mvuvi, mwalimu wa zamu, dereva wa bodaboda au konstebo kijana aliyetangulia wakubwa wake. Mafunzo yanayomsahau mtu huyo yamekosa shabaha.

Lililotokea Bukoba

Ng'ambo ya pili ya ziwa letu la Victoria, asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka majini ikikaribia uwanja wa Bukoba. Walikuwamo watu 43. Wakafa 19, wakaokoka 24. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi, miongoni mwao kijana Majaliwa Jackson, aliyesaidia kuufungua mlango wa nyuma kwa kutumia kasia. Taifa lilimheshimu, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili.

Lakini yasikilizeni na yaliyofuata, kama alivyoyasimulia mwenyewe kwa wanahabari. Alikwenda mbele, kwenye chumba cha marubani, na rubani akamwashiria kwa ndani avunje kioo. Akapata shoka. Kisha akazuiwa na mtu mwenye kipaza sauti, akaambiwa kwamba tayari kuna mawasiliano na marubani na kwamba maji hayaingii. Akarudi kwenye kioo, rubani akamwashiria tena. Ikaja kamba, ikafungwa mlangoni, ikavutwa, ikakatika na kumpiga usoni, naye akazimia. Alizinduka akiwa hospitali. Marubani wote wawili walikufa.

Simwekei lawama mtu yeyote aliyekuwa ufukweni siku ile. Kila mmoja alitaka watu waokoke. Ila itazameni hali yenyewe: aliye majini ana taarifa moja, aliye nchi kavu ana nyingine, na hakuna mahali pamoja ambapo taarifa hizo mbili zinakutana mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Kamba inavutwa na umati bila mtu wa kuuliza nani amesimama kwenye njia yake ikikatika. Wahenga wetu wa pwani walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na wavuvi wa Mwigobero wanaijua maana yake kuliko mimi.

Mfumo uliozaliwa na vifo

Mambo haya hayakuanza kwetu, na dawa yake imekwisha kutafutwa. Kati ya Septemba na Oktoba 1970, jimbo la California nchini Marekani liliungua kwa siku 13. Watu 16 walikufa na nyumba zaidi ya 700 ziliteketea. Vikosi vilikuwa vingi, magari yalikuwepo, fedha zilikuwepo. Wachunguzi walipokaa chini walikuta kilichokosekana: vikosi vilitumia maneno tofauti kwa kitu kilekile, redio zao hazikusikilizana, na askari mmoja aliweza kupewa amri tatu na wakubwa watatu. Kutokana na msiba huo ukaundwa mpango ulioitwa FIRESCOPE, nao ukazaa mfumo wa uongozi wa tukio ambao leo unatumika kwa moto, mafuriko, ajali za ndege na hata milipuko ya magonjwa.

Ukiuondolea vitabu vyake vinene, mfumo huo unasimama juu ya mambo machache. Tukio moja lina kamanda mmoja. Kila mtu ana mkubwa mmoja anayepokea amri kwake. Hakuna anayesimamia watu zaidi ya saba, na watano ndio idadi nzuri. Lugha ya redioni ni ya kawaida, bila mafumbo ya kikosi. Kazi zimegawanywa: wapo wanaotekeleza, wapo wanaopanga saa inayofuata, wapo wanaoleta vifaa, chakula na maji, wapo wanaoandika matumizi. Pembeni ya kamanda yupo afisa usalama, ambaye kazi yake ni kuwaangalia waokoaji tu, na ana ruhusa ya kusimamisha kazi yoyote pale pale akiona hatari.

Tena mfumo huu unakua na tukio. Jalala likiwaka, kamanda ni koplo mmoja na kazi zote anazo yeye. Likiwaka soko, kazi hizo anazigawa moja moja kadiri watu wanavyofika. Anayefika kwanza ndiye mwenye amri mpaka aikabidhi.

Sikilizeni inavyosikika redioni ikifanywa sawasawa. Konstebo anafika na kusema: "Kituo, nimefika Bweri. Nyumba moja ya vyumba sita, moshi mzito mweusi unatoka chumba cha nyuma, watu wawili hawajulikani walipo. Upepo unatoka ziwani. Nachukua amri ya tukio, niko mbele ya geti, upande wa barabara. Umeme ukatwe. Naomba gari la maji la pili." Maneno hayo hayachukui dakika. Anayekuja nyuma anajua aende wapi, amwone nani na kuna hatari gani. Mkaguzi akifika, haanzi kupiga kelele za amri zake. Anakwenda uso kwa uso na yule konstebo, anapewa hali ilivyo, nani yuko ndani, ameingia saa ngapi, kisha redioni inatangazwa kwamba amri imekabidhiwa. Cheo peke yake hakihamishi amri. Makabidhiano ndiyo yanayoihamisha.

Mlango wa Worcester

Sehemu ngumu kuliko zote ya kazi hii ni kukataza, na kisa ninachopenda kila askari akijue ni cha mji wa Worcester, Massachusetts. Jioni ya tarehe 3 Desemba 1999 liliwaka ghala kuukuu la kuhifadhia vyakula kwa baridi. Jengo hilo karibu halikuwa na madirisha, na kuta zake zilijazwa vitu vya kuzuia joto ambavyo vikiwaka hutoa moshi wa kutisha. Zikaja habari kwamba ndani huwa wanalala watu wasio na makazi. Askari wawili wakaingia kuwatafuta, wakapotea, hewa ikawaishia. Wenzao wakaingia kuwatafuta, na wanne kati yao wakapotea pia.

Kamanda wa wilaya, Mike McNamee, alisimama kwenye mlango wa ngazi akiwazuia askari waliotaka kuingia tena. Walikuwa marafiki wa waliopotea. Alijua kwamba kwa kuufunga mlango ule anawaacha watu sita. Akaufunga. Baadaye ilibainika kwamba wale watu wasio na makazi walikwisha kutoka kabla askari hawajafika.

Kamanda yule hakukosa huruma. Yeye alikuwa na hesabu kichwani: nani ameingia, nani ametoka, jengo limefikia wapi. Askari aliye mlangoni alikuwa na mapenzi ya ndugu yake. Kila tukio kubwa linahitaji mtu asiyeshika mpira wa maji, asiyebeba majeruhi, anayesimama mahali anapoonekana akihesabu. Jeshi letu linapomfundisha kijana kushika bomba, limfundishe pia kumtii anayesema basi, na limlee yule atakayeweza kusema basi.

Hesabu ya hewa

Niwaonyeshe hesabu moja kwa karibu, maana usalama wa mwokoaji kwa sehemu kubwa ni hesabu. Mtungi wa hewa unaobebwa mgongoni wenye ujazo wa lita 6.8, ukijazwa mgandamizo wa bar 300, una hewa ya karibu lita 1,900. Vitabu hukisia matumizi ya lita 40 kwa dakika, kwa hiyo mtungi huo kwenye karatasi unatosha kama dakika 47. Lakini askari anayepanda ngazi akiburuta mpira uliojaa maji, moyo unamdunda, anaweza kuvuta lita 60 na zaidi. Dakika 47 zinakuwa 31. Toa akiba ambayo hairuhusiwi kuguswa, kisha kumbuka kwamba njia ya kurudi ni ndefu sawa na ya kwenda. Aliyeingia kwa dakika 12 anapaswa awe amekwisha kugeuka.

Hesabu hiyo haiwezi kufanywa na aliye ndani ya moshi peke yake. Ifanywe mlangoni, kwenye ubao: jina, saa ya kuingia, mgandamizo wa mtungi, mwenzake nani. Hakuna anayeingia peke yake, na waliopo ndani wawe na wenzao wawili nje, wamevaa tayari kuwafuata. Ubao na kalamu havina bei ya kututisha.

Sasa chukueni kanuni hiyo mpeleke Buhemba. Mchimbaji ameshuka kwenye duara, yaani shimo la machimbo, hajibu. Hewa ya chini imeharibika kwa moshi wa jenereta au kwa kukosa oksijeni, na jicho halioni lolote. Mwenzake anashuka kumfuata, naye anadondoka, na wa tatu anafuata. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilionya mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa kwenye mashimo, matangi na visima ni waliokwenda kuokoa. Kwa hiyo kamanda wa kwanza kwenye duara, hata awe mpishi wa kambi, ana amri moja ya kutoa: hakuna anayeshuka bila kamba, bila hewa ya mtungi na bila kupima. Apulize hewa safi chini kwa feni huku akiita msaada.

Bunda ina hatari zake. Kwenye vinu vya kuchambua pamba, moto hujificha ndani ya robota. Ukimwaga maji juu utaona moshi umetulia, nawe ukaondoka, kumbe ndani panaendelea kuungua taratibu, na usiku ghala zima linawaka. Robota litolewe nje, lifunguliwe, liloweshwe, na liwekewe mlinzi. Barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari nayo inapitisha malori ya mafuta katikati ya mji. Tunakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019: lori lilipinduka, watu wakaenda kuchota petroli, likalipuka, wakafa zaidi ya 100. Mwongozo wa dharura unaotumiwa na vikosi vya Amerika ya Kaskazini unataka lori la mafuta linalowaka litengwe kwa mita 800 kila upande. Kwa aliyefika kwanza Bunda, kazi ya kwanza ni kurudisha watu nyuma, kuzima bodaboda na sigara, na kufunga barabara. Povu litafuata likifika.

Ipo pia hatari isiyoua siku ileile. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Masizi yanayobaki kwenye koti, shingoni na chini ya kucha hayana fahari yoyote. Koti lioshwe baada ya moto, lisipelekwe nyumbani likalaliwa na mtoto, na askari aoge kabla ya kula. Kamanda anayelisimamia hilo anaokoa maisha ambayo hakuna gazeti litakaloyaandika.

Kamati na kamanda

Waheshimiwa viongozi, naomba niseme hili kwa heshima zote. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 ilitupatia jeshi moja la taifa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, badala ya vikosi vilivyokuwa kila kimoja na halmashauri yake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 nayo inazipa kamati za maafa nafasi yake kuanzia taifa hadi ngazi za chini. Kamati ina kazi kubwa: kutafuta mafuta, kuomba wazamiaji wa mkoa jirani, kufungua shule zilaze waathirika, kuzungumza na familia na wanahabari. Kazi hizo bila mkubwa wa mkoa au wilaya haziendi.

Ila kamati haiwezi kumwelekeza mshika bomba. Mkubwa anapofika kwenye tukio na kumwamuru askari moja kwa moja, hata kama amri yake ni sahihi, askari yule sasa ana wakubwa wawili, na ubao wa mlangoni hauna tena ukweli. Msaada mkubwa kuliko wote anaoweza kuutoa kiongozi ni kumwendea kamanda wa tukio mbele za watu na kumwuliza: unahitaji nini? Umati ukiliona hilo, utamtii kamanda huyo. Heshima ya kiongozi haipungui hapo hata kidogo.

Mafunzo ninayoyaombea Mara

Chuo cha Zimamoto kipo Chogo, Handeni, na askari wetu wanapita huko. Ninachokiombea ni mazoezi ya nyumbani, kwenye mitaa na maji yetu wenyewe.

Kwanza, kila zamu ianze kwa kutamka ni nani kamanda wa kwanza na ni nani afisa usalama, na konstebo wa chini kabisa afanyishwe mazoezi ya kuchukua amri na kuikabidhi redioni mpaka ulimi uzoee. Pili, Zimamoto, Polisi, hospitali, TANESCO na mamlaka ya maji MUWASA wakae meza moja mara kwa mara na ramani ya mji, waigize tukio moja: soko la Musoma saa nane usiku, au basi na lori la mafuta Makutano. Mwenye maji ajue ni bomba lipi la kuongezewa nguvu, mwenye umeme ajue swichi ipi ya kuzima, na wote watumie maneno yaleyale.

Tatu, vikundi vya usimamizi wa mialo, yaani BMU, vifundishwe uongozi wa tukio la majini: mtumbwi wa kwanza kufika haupakii watu mpaka uelemewe, hutupa kamba na vielea, hukaa umbali ambao mikono ya wanaozama haiwezi kuupindua, na mtu mmoja ufukweni anaandika mitumbwi iliyotoka na iliyorudi. Nne, kila shule ya bweni ifanye zoezi la kutoka usiku. Tanzania iliwazika wasichana wa shule za Shauritanga mwaka 1994 na Idodi mwaka 2009, waliokufa kwa moto wa bweni. Mwalimu wa zamu mwenye daftari la majina ya kila bweni ndiye kamanda wa kwanza pale, na gari la Zimamoto likifika, jambo la kwanza analopaswa kulisema ni hesabu: wamelala wangapi, wametoka wangapi, wamebaki wapi.

Tano, baada ya kila tukio, dogo au kubwa, waliohusika wakae siku hiyohiyo waulizane manne: tulitaka nini kitokee, kilitokea nini, kwa nini, na kesho tubadilishe nini. Katika kikao hicho konstebo aruhusiwe kumkosoa mkaguzi kwa adabu, na asiadhibiwe.

Ndugu zangu, mengi ya haya hayasubiri bajeti. Magari na mitungi tutaendelea kuyadai, na ni haki yetu kuyadai. Lakini kumteua mwenye amri, kuuweka ubao mlangoni, kumfundisha mvuvi kuhesabu mitumbwi na kumzoeza mkubwa kuuliza kabla ya kuamuru, tunaweza kuvianza wiki hii. Nawaomba kila mkuu wa kituo, kila mtendaji wa kata, kila mwenyekiti wa BMU na kila mkuu wa shule aliyemo humu, kabla hajatoka ukumbini, aandike jina la mtu atakayekuwa na amri kwake usiku wa leo na jina la atakayempokea. Kisha awapigie simu wote wawili awaambie.